Jamhuri ya Wenye Viti

Asubuhi ile Jamiru alipomsimamisha Nusura, watu walicheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Wangeacheje kucheka? Nusura hajasimama tangu polio imwangushe akiwa mtoto mchanga. Huzunguka mji mzima wa Busia kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayochochewa kwa mikono, ile ambayo wenyewe huiita kiti tu. Halafu Jamiru, mwenyekiti wa wasafirishaji walemavu wa mpakani, akaegemea magongo yake mbele ya stendi nzima na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Nusura, kuanzia leo nimekusimamisha."

"Asante, mzee," Nusura akamjibu. "Madaktari wamejaribu tangu nikiwa mtoto wakashindwa. Wewe umenisimamisha na neno moja tu."

Stendi ikaangua kicheko. Hata mwanamke wa Kiganda aliyekuwa akipanga magunia yake ya vitunguu alicheka, na yeye hata hakujua kulikuwa na kesi gani. Jamiru peke yake hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akaelekeza gongo moja kupita mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya pipa la takataka, mahali ambapo zamu haifiki. Hapo ndipo watu wakanyamaza, kwa maana wote walijua mstari ule una maana gani.

Ukiwa na kiti pale Busia, na kiti chako kiwe kwenye mstari, unakula. Wafanyabiashara wa huku na wa ng'ambo huleta mizigo yao, sukari, sabuni, magodoro, samaki wakavu, na kila mzigo hupewa kiti kilicho mbele. Kiti kikivuka geti, cha nyuma kinasogea. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayempa mzigo mtu aliye nje ya mstari, kwa sababu akifanya hivyo kesho hatapata kiti hata kimoja. Nusura alikuwa na binti, Sumaiya, aliyeingia chuo pale Alupe muhula uliopita, na kila kitu cha Sumaiya, kuanzia chumba hadi wino wa kalamu, kilitoka kwenye mstari ule. Kuondolewa mstarini ni kufungiwa jiko.

Na kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa ameuliza swali. Siku moja kabla, wakati watu wanakunywa chai, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzee, mwaka umeisha. Uchaguzi ni lini?"

Basi. Hakutukana, hakupigana, hakumwibia mtu hata kitunguu.

Lakini ili umwelewe Jamiru, na ni haki aeleweke, inafaa ujue kwamba kabla ya jamhuri kulikuwa na ufalme, na mfalme alikuwa yeye. Hakurithi, aliupata kwa mgongo wake. Miaka mingi nyuma, walipoletwa askari wapya getini wakasema viti havivuki tena, Jamiru alitupa magongo yake na kulala barabarani, chali, mbele ya lori lililobeba saruji. Dereva akapiga honi, Jamiru akafumba macho kama mtu aliye kitandani kwake. Malori yakafungana nyuma, yakafika mbali, na habari ikafika mpaka Malaba kwamba kuna kilema Busia amefunga Afrika Mashariki. Kabla ya jioni viti vilikuwa vinavuka. Tangu siku hiyo Jamiru akisema kaa, watu wanakaa. Alipanga mstari, aliamua ugomvi, alimtoza faini aliyelewa. Nusura mwenyewe aliletwa stendi na Jamiru, na kiti chake cha kwanza ni Jamiru aliyemtafutia. Alimpenda, na bado anampenda. Ila kumpenda mtu ni jambo moja, na kutawaliwa naye mpaka ufe ni jambo jingine.

Ndiyo maana mwaka jana, siku ya Sikukuu ya Jamhuri, wakati mji umejaa bendera na redio zinahutubia, Nusura aliuliza kwa nini na wao wasiwe jamhuri. Watu wakapenda. Tawi la wenzao wa Malaba, mpaka wa jirani, likatuma wajumbe. Walikaa siku kadhaa kwenye kibanda cha stendi wakibishana kama wabunge, tena bila posho. Paulinus Egwang, mtu wa Moding, ambaye hubishana hata na kivuli chake, alitaka kiongozi aitwe Rais. Nusura akasema hapana: Nairobi yupo mmoja na Kampala yupo mwingine, na stendi yao iko katikati, si vizuri kuwachokoza wote wawili. Wakakubaliana aitwe mwenyekiti. Muhula wake mwaka mmoja, kisha uchaguzi. Petronilla wa Amukura, mama mwenye sauti ya kuamsha maiti, akawa spika. Na Jamiru akachaguliwa mwenyekiti wa kwanza, bila mpinzani, kwa shangwe.

Katiba yenyewe hawakuiandika kwenye karatasi. Karatasi ina panya, ina mvua, na ina watu wa kuificha. Walimwita Ekisa, yule fundi wa kuandika maduka, akaichora kwa rangi nyekundu kwenye mabati ya kibanda, herufi kubwa, kila mtu aione. Na siku ya kuapa, Paulinus alipolalamika kwamba kuna vifungu vimefupishwa, Jamiru aliweka mkono kwenye mabati na kusema maneno ambayo stendi nzima iliyasikia: "Katiba ni hii ya ukutani. Hakuna ingine."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa kifungu kimoja kilisema kwamba aliyesimamishwa ana haki ya kusikilizwa na baraza. Nusura akadai baraza lake. Petronilla akaliitisha Jumamosi asubuhi, saa ambayo mizigo huwa bado inafungwa, na Malaba wakatuma wajumbe wao tena. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nusura alilala vizuri tu, na kama kuna aliyedhani atakuja akilia, alimkosea. Alivaa buibui lake jipya, akatia mafuta minyororo na kengele ya kiti, na alipofika akapiga kengele mara mbili kama bibi harusi anayeingia.

Viti vilikuwa vimepangwa kwa mstari kama siku ya kazi. Nusura akapelekwa mkiani, nyuma ya pipa. Jamiru alisimama mbele, karibu na ukuta. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Sitaki maneno mingi," akaanza. "Huyu dada ni kama mtoto wangu. Lakini jamhuri bila nidhamu ni soko. Uchaguzi utakuja wakati hali itaruhusu. Kwa sasa kuna shida ya geti, kuna shida ya pikipiki kutuibia mizigo, na mtu anataka kuleta siasa. Katiba iko hapa." Akainua gongo na kufuata herufi. "Mwenyekiti anaweza kumsimamisha mwanachama yeyote. Na hapa chini: Neno la mwisho ni la mwenyekiti. Nimemaliza."

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Si kwa woga tu. Kuna watu mle ambao wasingekuwa na kazi bila Jamiru, na shukrani ni mzigo mzito kuliko saruji.

"Spika," Nusura akasema kutoka mkiani. "Naomba mzee asome tena. Pole pole. Asome vile imeandikwa, si vile anakumbuka."

"Nimesoma," Jamiru akasema.

"Basi soma tena, mzee," Petronilla akasema. "Kusoma hakumalizi macho."

Jamiru akageuka. Akainua gongo. Ncha ya gongo ikafuata herufi, kisha ikasimama katikati ya neno.

Mabati yale yalikuwa membamba, na Ekisa alipenda herufi nene. Neno la cheo lilipofika ukingoni alikuwa amelikata, sehemu moja juu, nyingine chini, kisha kwa kupenda usawa akalikata hivyo hivyo kila mahali lilipotokea. Palikuwa pameandikwa MWENYE, halafu pengo, halafu KITI.

"Mwenye," Nusura akasoma kwa niaba yake, taratibu, "kiti. Neno la mwisho ni la mwenye kiti. Haya, jamani, nani hapa ana kiti?"

Kicheko kilianzia kwa Paulinus na kupita mstari mzima. Mtu mmoja akapiga kengele, mwingine akaitikia, na kwa muda stendi ilikuwa kengele tupu. Ekisa, aliyekuwa juu ya ngazi upande wa pili wa barabara akichora chupa ya soda kwenye duka, akageuka na brashi mkononi.

"Mabati ndio iliisha, boss," akajitetea. "Ningeandika wapi, hewani?"

"Hiyo ni makosa ya fundi," Jamiru akasema. Sauti yake haikuwa imepanda, lakini mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama. "Kila mtu anajua tulimaanisha nini."

"Ulisema katiba ni hii ya ukutani," Nusura akamjibu. "Ulisema hakuna ingine. Mimi nakuamini, mzee. Nimekuamini miaka yote."

Petronilla akagonga sufuria yake ya uji kwa mwiko, maana ndiyo iliyokuwa nyundo ya spika. Akaamua. Neno la mwisho ni la wenye viti, basi wenye viti waseme. Kila kiti kura moja. Kura itaanza mbele ya mstari na kwenda nyuma: anayetaka Nusura asimamishwe apige kengele, asiyetaka akae kimya.

Nusura alihisi ushindi ukimpanda kifuani, mtamu kama chai ya sherehe. Aliwatazama mmoja mmoja, akakisia nani atapiga na nani hatapiga, akaona hesabu iko karibu lakini iko upande wake.

"Na mimi?" Jamiru akauliza. "Mimi nipige kengele gani?"

Ni Paulinus aliyejibu. Hakukusudia ubaya. Paulinus akiwa na neno mdomoni hulitoa tu.

"Lakini mzee, wewe huna kiti."

Ilikuwa kweli. Katika stendi nzima, mtu pekee aliyetembea kwa magongo alikuwa Jamiru. Miaka yote hiyo ilikuwa fahari yake, kwamba yeye anasimama, na sasa fahari hiyo ilikuwa imemtoa nje ya jamhuri. Alitazama mabati kama mtu anayetafuta jina lake kwenye majina ya waliofaulu na halioni. Magongo yakasogea nyuma hatua moja, taratibu, kumpisha mtu ambaye hakuwepo.

Nusura akaona aibu. Aliiona aibu hiyo kwa ukweli wake wote, bila kuipamba. Alikuwa amekuja kumzuia mtu mmoja asiwatupe wengine nje ya mstari, na hapo hapo, kwa pengo la rangi nyekundu, alikuwa amemtupa nje mtu aliyelala mbele ya lori kwa ajili yao. Kama jamhuri ingeanza hivyo, leo Jamiru, kesho ingekuwa zamu ya nani? Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kungempa mstari wake, na Sumaiya angerudi darasani Jumatatu bila kujua lolote.

Akafunga breki.

Nusura hahitaji mtu wa kumshusha. Alishika chuma cha pembeni, akajitupa kidogo, akateremka na kukaa juu ya gunia tupu, buibui jipya na yote.

"Mzee," akasema. "Njoo ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapo. Kiti ndio hicho. Sasa uko nacho."

"Dada, ngoja," Paulinus akaingilia, na safari hii alikuwa na wasiwasi wa kweli. "Spika amesema kila kiti kura moja. Ukimpa hicho, umempa kura yako. Wewe utapiga na nini?"

"Sina."

"Na akikumaliza?"

"Atakuwa amenimaliza akiwa ndani," Nusura akasema. "Mimi sitaki kushinda mtu mwenye tumemfungia nje. Spika, anza."

Petronilla akageukia mbele ya mstari. Kisha akagonga sufuria.

Jamiru akaja mpaka mkiani. Ilimchukua muda, maana njia ilipita mbele ya kila mtu. Aliyalaza magongo chini na kukaa, akakaa vibaya, goti moja likagonga usukani, na kiti kikayumba. Nusura akanyoosha mkono kutoka chini akakishika kisimwangushe. Hakuna aliyecheka.

Kura ikaanza. Kiti cha kwanza, kengele. Cha pili, kimya. Mzee mmoja aliyeletwa stendi na Jamiru tangu ujana alipiga kengele kwa nguvu huku akitazama chini. Paulinus alikunja mikono kifuani, akamtazama kila mtu, akakaa kimya kwa sauti kubwa kama anavyofanya mambo yote. Wajumbe wa Malaba walipiga wote, maana Malaba wana mambo yao. Petronilla mwenyewe, zamu yake ilipofika, alishika kengele kwa kiganja isije ikalia hata kwa bahati mbaya. Nusura alisikiliza kutoka chini kwenye gunia, na hesabu aliyoifanya kichwani ilianza kuvuja. Mtu aliyemtegemea alipiga. Mwingine aliyemhofia hakupiga. Kengele, kimya, kimya, kengele, mpaka wakafika pipani.

"Zimelingana," Petronilla akasema. Akahesabu tena kwa macho, midomo ikicheza. "Zimelingana kabisa. Imebaki hiki cha mwisho."

Cha mwisho kilikuwa kiti cha Nusura, na aliyekaa juu yake alikuwa Jamiru. Aliye juu mngoje chini, wanasema wahenga, lakini Nusura alikuwa tayari chini, hana pengine pa kungojea. Hata hivyo hakujuta. Aliinua uso na kumtazama mzee, na mzee akamtazama.

Jamiru akanyoosha kidole gumba, akapiga kengele.

Ililia vizuri, maana Nusura alikuwa ameitia mafuta.

Mtu fulani mbele akasema "aa" kama aliyechomwa. Paulinus akaanza kupumua kwa nguvu. Petronilla alikuwa ameinua mwiko kutangaza, Jamiru akamwonyesha kiganja.

"Bado sijamaliza. Nimemsimamisha, ni kweli. Wenye viti wamesema, na mimi mwenye kiti nimesema." Akaelekeza kidole ukutani. "Lakini Spika, wewe pia soma vile imeandikwa. Inasema kumsimamisha mwanachama yeyote. Imesema kumsimamisha kazi?"

Petronilla akasoma. Wote wakasoma. Neno kazi halikuwepo. Ekisa, juu ya ngazi yake, akajifanya anachanganya rangi.

"Haijasema," Petronilla akakubali.

"Haijasema. Basi mimi simsimamishi kazi. Namsimamisha agombee kiti." Akavuta pumzi. "Aliuliza uchaguzi ni lini. Ni wiki ijayo, Jumamosi kama leo. Arudi kwenye mstari, mahali pake pa kila siku. Na mimi pia nagombea, msidhani nimechoka. Nitamshinda huyu msichana mchana kweupe."

Zamani wangepiga makofi kwa sababu Jamiru amesema. Sasa walitazamana kwanza, kila mmoja akipima mwenyewe, kisha kengele zikaanza, chache, halafu nyingi, mpaka mwanamke wa vitunguu akaziba masikio. Wapo waliosema baadaye kwamba mzee alimwonea Nusura huruma. Wapo waliosema ni ujanja tu, kwamba alihesabu kengele akaona nusu ya watu wake imemhama, na hakuna mfalme anayetaka kufukuza nusu ya nchi. Anayemjua Jamiru anajua kwamba vyote viwili vinaweza kukaa ndani yake bila kugombana.

Nusura alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo alikuwa na hofu kidogo, kwa maana alijua ndiyo kwanza kazi imeanza: Jamiru akigombea, anagombea.

"Haya, mzee, nirudishie kiti changu," akasema. "Nina kampeni."

"Ngoja kidogo," Jamiru akasema. "Bado nimekaa."

Akashika usukani kwa mikono miwili kujiweka sawa, akawatazama watu, ambao wote walikuwa wamemgeukia. Kutoka pale alipokaa hakuwaona vichwa kama alivyozoea, aliwaona nyuso. Akakohoa. Aliwahi kuwaamuru, kuwatoza faini, kuwapigania na kuwatukana, na siku moja kulala barabarani kwa ajili yao. Kitu kimoja alikuwa hajawahi kuwafanyia.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti ndogo. "Naomba kura zenu."

Paulinus akainama mbele juu ya usukani wake ili asikie vizuri.

"Mzee," Nusura akaita kutoka kwenye gunia, mkono mmoja nyuma ya sikio. "Sisi wa huku chini hatujasikia."

Jamiru akamtazama kwa hasira kidogo, kisha hasira ikamwishia. Akajaza kifua hewa, akarudia kwa sauti iliyofika getini.